Habari, Mzaha na Kitabu: Ukurasa wa Mchanganyiko katika Magazeti ya Kiswahili, Ukitazamwa kutoka Tseikuru

Wanaoandika historia ya fasihi ya Kiswahili wamezoea kulitumia gazeti kuukuu kama mpishi atumiavyo nazi: hulikuna, hulikamua, wakachukua tui, na chicha wakawatupia kuku. Tui ni shairi la mtunzi aliyekuja kuwa mashuhuri, au sehemu za hadithi ndefu ambayo baadaye ilitolewa kuwa kitabu. Chicha ni yale mengine yote: habari za dunia kwa mistari minne, kisa cha kuchekesha, neno juu ya kitabu kipya, barua ya mtu wa wilaya ya mbali, fumbo la kuwasumbua wasomaji mpaka toleo lijalo. Makala haya yanahusu chicha hiyo.

Dai letu ni kwamba ukurasa wa mchanganyiko, ambamo jambo la London na jambo la kijijini, jambo zito na jambo la mzaha, huketi bega kwa bega, haukuwa ukurasa wa kuzibia nafasi tupu. Katika sehemu za bara ambako Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani, ukurasa huo ulikuwa mwalimu mkubwa kuliko vitabu vya sarufi, na katika ukurasa huo aliyefundisha zaidi alikuwa mzaha. Tutalitazama jambo hili kutoka Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, upande wa mto Tana. Sababu ya kuchagua mahali hapo ni kwamba ndipo nilipolelewa, na ndipo nilipoliona jambo lenyewe kabla sijajua kwamba ni jambo la kuandikiwa makala.

Dukani

Katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, Tseikuru ikiwa katika iliyokuwa Wilaya ya Mwingi, gazeti lilifika kwa basi. Lilipofika siku ile ile tulishukuru. Aghalabu lilifika kesho yake, likiwa na vumbi la njia nzima katika mikunjo yake. Lilikuwa Taifa Leo, nakala moja, na aliyelinunua alikuwa mwenye duka, ambaye hakuwa msomaji. Alilinunua kwa sababu lilivuta watu, na watu wakija hununua sukari. Baada ya siku chache gazeti lenyewe lilifungiwa sukari hiyo, na kwa hiyo hakuna nakala hata moja iliyobaki. Jambo hili nalo ni sehemu ya historia ya usomaji wa bara, ingawa makavazi hayalitaji.

Msomaji alikuwa mzee mmoja aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwenye duka alimwambia, "Mzee, tusomee," naye kila mara alijibu, "Ngojeni nivae miwani," kana kwamba si yeye aliyekuwa ameshughulika kuifuta miwani hiyo tangu basi lisikike mlimani. Alisoma habari za dunia kwanza. Alizisoma kwa Kiswahili, sentensi moja moja, na kila sentensi akaifasiri kwa Kikamba. Vita vya Kongo, uchaguzi wa Marekani, mafuriko ya Bara Hindi, yote yalipita katika mdomo wake mara mbili.

Lakini alipofika kwenye kichekesho hakufasiri. Alikisoma kwa Kiswahili peke yake, akanyamaza, akatutazama juu ya miwani. Nakumbuka kimoja cha mtu wa bara aliyealikwa na mwenyeji wa Lamu. Mwenyeji akamwambia kwa ukarimu, "Kaa, kaa!" Mgeni akajibu, "Ahsante, bwana, nimeshiba. Na wadudu hao kwetu hatuli." Watatu au wanne walicheka papo hapo. Waliobaki walitazamana. Ndipo mmoja wa waliocheka akaanza kueleza kwamba "kaa" ni kuketi, na "kaa" ni mnyama wa pwani mwenye magando, na baada ya maelezo hayo kikaja kicheko cha pili, kikubwa zaidi lakini chenye haya ndani yake. Ukimwambia mtu "ikala nthi" kwa Kikamba, hakuna kaa anayeweza kutambaa kutoka katika maneno hayo. Mzee alijua hivyo. Habari huweza kuvuka kutoka lugha hadi lugha ikafika nzima; mzaha wa maneno hufia mpakani.

Hakuna mtu aliyetaka kuwa katika kicheko cha pili daima. Sisi watoto tulirudi nyumbani na kuuliza maneno ambayo mwalimu darasani angetuchapa ndipo tuyashike. Kwa habari za dunia tuliweza kumtegemea mfasiri maisha yetu yote. Kwa mzaha hatukuweza. Hapo ndipo ninapoona nguvu ya ukurasa wa mchanganyiko: habari iliwaleta watu dukani, na mzaha ukawadai lugha.

Ngewa

Ingekuwa kosa kudhani kwamba mchanganyiko huo ulikuwa kitu kigeni kilichowasili Ukambani katika basi. Kikamba kina neno "ngewa", ambalo huwa hadithi, huwa maongezi, huwa kisa cha jana, kutegemea anayesema na saa anayoyasema. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, aliyefariki mwaka 2019, alilitia neno hilo katika jina la kitabu chake cha Kikamba cha mwaka 1954, Mutunga na Ngewa Yake. Kiswahili hupenda kutenga: habari ni habari, hadithi ni hadithi, mzaha ni mzaha. Mkamba aliyekaa kwenye kigogo jioni hakuwa na haja ya kutangaza kwamba sasa anatoka katika hiki na kuingia katika kile.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni majina ya njaa. Wakamba huzipa njaa majina, na majina hayo ni kalenda yao. Mtu husema alizaliwa katika njaa fulani kama mwingine asemavyo alizaliwa mwaka fulani. Njaa kuu ya miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa huitwa Yua ya Ngomanisye, maana yake ni njaa iliyoenea kila mahali. Hilo ni jina la habari tupu. Lakini njaa ya mwaka 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani "nafa nami nimeshika", na kilichoshikwa ni fedha. Mwaka ule kulikuwako watu wenye noti mkononi na madukani hamna cha kununua. Msomaji auangalie ufundi wa jina hilo. Ni habari, kwani latuambia kilichokosekana hakikuwa fedha bali chakula chenyewe. Ni mzaha, kwani linamchora maiti akikumbatia shilingi. Tena ni maoni juu ya uchumi, ambayo mhariri wa gazeti la siku zile angesita kuyachapisha kwa lugha ya wazi. Maneno mawili yamefanya kazi ya ukurasa mzima, na waliocheka waliposema jina hilo hawakucheka kwa sababu walisahau njaa.

Kwa hiyo, yule mzee alipochanganya mauaji ya mbali na kisa cha kaa katika kikao kimoja, wasikilizaji wake hawakuona utovu wa heshima. Ndivyo ngewa ilivyokuwa siku zote.

Pwani nako kulikuwa na desturi iliyofanana na hiyo kwa njia yake. Tangu zamani za al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mnamo mwaka 868 au 869, waandishi wa Kiarabu walikuwa na mjadala juu ya kuchanganya jambo la dhati na jambo la mzaha katika kitabu kimoja, na al-Jahiz mwenyewe aliutetea mchanganyiko huo kwa hoja ya kwamba msomaji huchoka, na mzaha humrudishia nguvu ya kusikiliza yaliyo mazito. Hoja hiyo haikuhitaji kutajwa kwa jina la mwenyewe ili ifike Mombasa au Unguja. Ilisafiri katika vitabu vya elimu na katika mdomo wa masheikh. Abu Nuwas, mshairi mkubwa wa Baghdad, akageuka huku kwetu kuwa Abunuwasi, mjanja wa kuwacheka wafalme, ambaye hekaya zake zimesomwa katika shule za Afrika Mashariki kwa vizazi. Na mahali pa maongezi hayo palikuwa barazani, kibarazani mbele ya nyumba, ambako bei ya karafuu, kifo cha jirani, tafsiri ya aya na utani wa ukoo vilipokezana bila mwenye nyumba kugonga kengele.

Pwani na Ukambani hazikuwa zikisubiri gazeti zijuane. Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa wafanyabiashara Wakamba walikuwa wakiteremka Mombasa na pembe za ndovu. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 kwa Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi aliyekuwa na jina kubwa, hakumfikisha huko ugunduzi wake bali njia iliyokwisha kukanyagwa na misafara. Kivoi aliuawa mwaka 1851 katika safari ya kuelekea mto Tana, Krapf akiwa pamoja naye. Misafara hiyo ilichukua pembe na nguo, nayo pia ilichukua maneno. Lakini Kiswahili cha msafara ni cha wachache, tena wanaume. Kukifikisha kigogoni, mbele ya mama anayengoja kununua chumvi, kulihitaji chombo kingine.

Kutoka Kiungani hadi Baraza

Chombo hicho kilianza mbali sana na Tseikuru. Msimulizi, lililotolewa na wamisionari wa UMCA pamoja na wanafunzi wao huko Kiungani, Unguja, tangu mwaka 1888, huhesabiwa kuwa la kwanza. Likafuata Habari za Mwezi la Magila, katika miaka ya 1890, na Kiongozi, lililotoka katika shule ya serikali ya Wadachi huko Tanga tangu mwaka 1904 hadi wakati wa Vita vya Kwanza. Hatutachelewa katika hayo, ila tutazame jambo moja. Kiongozi lilikuwa na habari za miji, zilizopelekwa na walimu na makarani kutoka vituo vyao: mvua imenyesha, bwana mkubwa amepita, simba amekamata ng'ombe, fulani ameoa. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipoona kwa mara ya kwanza kwamba jambo la kijiji chake laweza kupigwa chapa mahali pale pale palipopigwa chapa jambo la Kaizari.

Mambo Leo lilianza Januari 1923, Dar es Salaam, likitolewa kila mwezi na Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika. Ni gazeti ambalo wataalamu wamelikamua tui kuliko yote, kwa kuwa mashairi yake ni hazina, na Shaaban Robert mwenyewe ni miongoni mwa waliopeleka tungo zao humo. Lakini mtu akilikalia lote, toleo kwa toleo, bila kuruka, huona kitu kingine. Shairi halikukaa peke yake. Lilikaa baada ya mawaidha ya kilimo na kabla ya barua ya mtu anayelalamika juu ya mahari. Liliuliza fumbo, na jibu lake likaja miezi miwili baadaye kutoka mji mwingine, kwa kejeli. Malumbano yale ya washairi yalikuwa mzaha wa gazeti, tena mzaha wenye adabu na vina. Ukiyatoa mle ukayaweka katika diwani, unapata sanaa, lakini unapoteza kicheko, kwa sababu kicheko kilitegemea kungoja.

Gazeti hilo lilikuwa la serikali, na serikali ndiyo iliyochagua habari ipi ya dunia imfikie Mwafrika. Hapa pana jambo ambalo wanahistoria wa siasa wameliona vizuri kuliko sisi wa fasihi: nguvu ya mhariri haimo katika anayoyasema tu, imo pia katika kuamua nini kiwe jirani ya nini. Erica Fiah, Mganda aliyeishi Dar es Salaam, alipoanzisha Kwetu mwaka 1937, alitumia mchanganyiko ule ule wa habari, barua na mawaidha. Tofauti ilikuwa katika aliyeushika mkono wa kuchanganya. Huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa amekwisha kutoa Sahifa tangu mwaka 1930, na Al-Islah tangu mwaka 1932, akiwaonyesha Waislamu wa pwani mambo ya ulimwengu ili waione hali yao wenyewe. Makala yake ya Sahifa baadaye yalikusanywa katika kitabu Uwongozi, na kwa sababu hiyo twayasoma hadi leo. Yaliyokuwa jirani ya makala hayo hayakukusanywa, nayo hayasomwi ila na mtafiti mwenye subira.

Inafaa pia kukumbuka kwamba mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi ya kukisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na vitabu vya shule vilipita mikononi mwake. Gazeti halikuweza kungoja muhuri wa Kamati. Kwa hiyo katika kurasa za barua na visa, Kiswahili cha watu kiliendelea kupumua, na makosa yake, na ladha yake.

Gazeti lililofika Ukambani kwa kweli lilikuwa Baraza, lililoanzishwa na kampuni ya East African Standard huko Nairobi mwaka 1939, Francis Khamisi akiwa mhariri wake wa mwanzo. Jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Ni kana kwamba wenye gazeti walikiri kwamba hawakileti kitu kipya, wanakichukua kibaraza cha pwani na kukipiga chapa ili kiketi popote penye mtu mmoja ajuaye kusoma. Khamisi akawa katibu wa chama cha Kenya African Union kilipoundwa mwaka 1944, na hilo lingetosha kutuonyesha kwamba waliokalia ukurasa wa mchanganyiko hawakuwa watu wa kupoteza wakati.

Mwaka wa kuzaliwa kwa Baraza ulikuwa mwaka wa vita. Wakamba walikuwa miongoni mwa watu walioandikishwa kwa wingi katika King's African Rifles, na Kitui ilitoa vijana wake kama Machakos. Lugha ya jeshi ilikuwa Kiswahili, Kiswahili cha amri, kisichojali sana ngeli. Kikosi cha Kumi na Moja cha Afrika Mashariki kilipopigana katika bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, wasomaji wake walikuwa na magazeti yao ya Kiswahili, kama vile Askari na Heshima, yenye habari za vita zilizochujwa, mafunzo, picha na burudani. Nia ya wakubwa ilikuwa kuwaweka askari katika moyo mmoja, na bila shaka kuwafumba macho kwa mengine. Lakini mtu hufundishwa kusoma kwa nia moja akasoma kwa nia nyingine. Mzee wetu alisema kwamba huko msituni habari za vita hawakuziamini, kwani wao ndio waliokuwa vitani. Walichokitafuta katika gazeti ni jambo la kuchekwa na habari za nyumbani. Alirudi Tseikuru na mpangilio wake wa kusoma ukiwa umegeuzwa: habari kwanza, kwa heshima, kichekesho mwisho, kwa sababu ndicho alichokiamini.

Sauti

Taifa lilianza mwaka 1958, na kufikia mwaka 1960 Taifa Leo lilikuwa likitoka kila siku. Kutoka kila siku kulibadili mambo. Gazeti la mwezi huhifadhiwa, la wiki hupitishwa jirani, la siku hufungiwa sukari. Wakati huo huo redio ilikuwa imeingia. BBC ilianza matangazo yake ya Kiswahili Juni 1957, na baada ya uhuru Sauti ya Kenya ikawa baraza la nchi nzima.

Mfano bora wa mchanganyiko katika redio ni Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilianza mwaka 1966, na kwa miongo mingi kiliwauliza Wakenya, kwa upole wenye ncha, kama ni ungwana mtu kufanya hivi au vile. Kilikuwa kipindi cha kuchekesha, na kilifundisha Kiswahili kizuri kuliko vipindi vilivyokusudiwa kufundisha. Basi tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kuiangusha serikali, ni Mbotela huyo huyo waliyemtoa nyumbani na kumsomesha tangazo lao hewani. Sauti iliyozoeleka kuuliza habari za ungwana ndiyo iliyoitangazia nchi mapinduzi. Waliokuwa watu wazima Tseikuru siku ile wamenieleza kwamba wengine walingoja swali lije mwishoni. Si kwa upumbavu. Walikuwa wamezoea kwamba sauti ile huchanganya, na hawakujua hapo mchanganyiko umeishia wapi.

Katika miaka ya 2000 zilikuja stesheni za FM za Kikamba, Musyi ikiwa mashuhuri kati yake, na mzaha ukarudi Kikamba. Sioni sababu ya kulalamika. Lugha ya mama ina haki ya kucheka. Lakini historia yatuambia tuangalie matokeo. Mtoto wa Tseikuru wa leo hucheka kwa Kikamba, husikia habari kwa Kiswahili, hufanya mtihani kwa Kiingereza. Kicheko cha pili, kile cha haya, kimekoma, na pamoja nacho ile njaa ya kutaka kuelewa neno papo hapo.

Kitabu

Nimesema habari na mzaha. Sijasema kitabu, na kwa kweli ndicho kiungo kilichokuwa dhaifu siku zote. Magazeti ya zamani yaliwapa wasomaji vipande vya hadithi na matangazo ya vitabu vipya, na ile miaka ya tafsiri za Frederick Johnson na wenzake, waliotuletea Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929, na Safari za Gulliver mwaka 1932, ilikuwa na furaha yake. Lakini mtu wa Tseikuru alisoma juu ya kitabu ambacho hangekiona. Duka halikuuza vitabu, na shule iliyokuwa navyo ilivifungia kabatini ili visiharibike. Kwa hiyo maelezo ya kitabu yakawa kitu cha ajabu: yalisomwa badala ya kitabu. Yule mzee alitusimulia visa vya vitabu alivyovijua kwa maelezo ya gazeti peke yake, na niliposoma kimoja chuoni nilikuta mwisho wake si ule wake. Ule wake, nakiri, ulikuwa bora.

Baadaye hata kiungo hicho dhaifu kilichukuliwa na mtihani. Neno la msomaji juu ya kitabu alichokipenda likageuka mwongozo wa kitabu kilichowekwa katika silabasi: wahusika, maudhui, dhamira, tamathali, maswali kumi. Miongozo hii imejaa kila mahali. Ni kazi ya lazima, na baadhi ya wanaoiandika ni rafiki zangu, lakini hakuna mtu aliyewahi kumsomea mwenzake mwongozo kwa kicheko. Waliojaribu kulirudisha neno huru la msomaji katika gazeti walikuwa wachache. Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema ya mwaka 1996, aliyefariki Aprili 2020, alikuwa mmoja wao. Katika safu zake za Taifa Leo aliweza kuanza na neno alilosikia safarini, akapita katika kitabu alichokuwa akisoma, akamcheka mwanasiasa asiyejua ngeli, akaishia mahali ambapo hukumtazamia. Ilikuwa ngewa, kwa Kiswahili sanifu.

Pingamizi

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka pendekezo la utafiti juu ya kurasa hizi. Mjumbe mmoja wa kamati, mtu ninayemheshimu, alisema kwamba chuo kikuu si mahali pa kuchambulia karatasi za kufungia sukari. Wengine walicheka, nami nilicheka pia, kwa kuwa maneno yenyewe yalikuwa mazuri. Pendekezo likakataliwa. Nilipokwenda ng'ambo kwa shahada ya pili nilikuta katika maktaba The Spectator, karatasi iliyotoka London kila siku isipokuwa Jumapili kuanzia Machi 1711, ikasomwa katika nyumba za kahawa, ikichanganya tabia za watu, mzaha, maneno juu ya vitabu na mambo ya mjini. Imejaladiwa kwa ngozi, nayo hufundishwa. Waingereza hawakuiona kuwa chini ya fasihi yao. Waliiona kuwa mahali ambapo nathari yao ilijifunza kutembea.

Sisemi kwamba kila kisa cha Baraza ni sawa na insha ya Addison. Mengi ni mepesi, mengine ni mabaya, na vichekesho juu ya wanawake na juu ya makabila madogo vingi vyake havistahili kusomwa tena ila kama ushahidi. Tena mchanganyiko una hatari yake: habari ya mauaji ikipakana na kichekesho kila siku, moyo huota sugu. Mjumbe yule angeitumia hoja hiyo angenishinda kwa urahisi zaidi. Jibu langu lingekuwa Nikw'a Ngwete, ambamo mzaha hauko kando ya habari bali umo ndani yake. Na kutofautisha mchanganyiko wa aina hiyo na ule wa kupumbaza ni kazi inayohitaji mhakiki, nasi ndio wahakiki. Shaaban Robert anatusaidia hapa. Zile barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizochapishwa kwa jina la Barua za Shaaban Robert 1931–1958, zina maradhi, fedha, vitabu, vyeo na utani, barua kwa barua, na mtu hawezi kuyatoa mashairi yake katika maisha hayo bila kuyapunguza.

Kazi iliyo mbele si ya nadharia. Ni ya kutafuta matoleo yaliyosalia ya Baraza na Taifa Leo, kuyasoma kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, na kuandika kila kisa kilikaa jirani ya habari gani, tarehe gani. Nimeanza na miaka michache. Mwaka jana nilipeleka nakala za kurasa kadhaa Tseikuru, nikazisoma dukani, pale pale, kwa mtoto wa yule mwenye duka. Mzee hayupo tena. Nilisoma habari, nikafasiri. Nikafika kwenye kichekesho, nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Bibi mmoja aliyekuwa akipima maharagwe ndiye aliyecheka wa kwanza, kisha akaniuliza kama ninacho kile cha mgeni wa Lamu, kwa sababu, alisema, siku ile yeye alikuwa miongoni mwa waliochelewa.